Wiki moja Uskoti na motahomu yenye lifti: gari safi, pa kulala ndo kasheshe

Nianze na gari maana ndo nililolipia. Mimi natumia kitimwendo, huu mwaka wa tisa, ajali ya pikipiki, uti wa mgongo, hiyo stori siku nyingine. Tunaishi Leicester, England, mimi, mama Salma na Salma mwenyewe ana miaka 11, na kila kiangazi wenzetu wanaenda kupiga kambi sisi tunabaki kuangalia picha zao, maana hema na mtu asiyetembea haviendani, na ukija kwenye hoteli vyumba vya walemavu viko viwili hoteli nzima na watu walishavichukua tangu Februari. Basi mwezi wa sita tukasema liwalo na liwe tukakodi motahomu, lile gari-nyumba lenye vitanda na jiko na choo humo humo, ila hili lilikuwa na lifti ubavuni ya kunipandisha na kiti changu. Paundi 1,150 kwa siku saba, bima ndani, mafuta juu yako.

Gari lenyewe sina ugomvi nalo kabisa. Lifti inafunguka upande wa kushoto, inashuka taratibu, mpaka nimeingia ndani na imejikunja ni kama dakika nne. Choo kipana nageuka bila kugonga ukuta, kitanda kiko urefu sawa na kiti changu kwa hiyo nahamia na ule ubao wangu bila kubebwa, na wallahi kulala sehemu ambayo hujabebwa kama gunia ni raha mtu mwingine hawezi kuielewa. Kitu kimoja tu mjue kabla hamjakodi: uzito. Mama Salma kapata leseni yake hapa juzi juzi tu, na leseni ya kawaida ya gari kwa waliofaulu mtihani tangu 1997 mwisho wake kwa gari la mafuta ni kilo 3,500, gari na mzigo na watu wote. Sasa lifti imeshakula sehemu yake, kiti changu cha umeme kinapita kilo 120, weka na sisi wenyewe na unga wa chapati, jamaa wa kukodisha akatuambia tenki la maji msijaze, tembeeni na nusu, lita moja ya maji ni kilo moja. Tukaenda na nusu tenki. Tuliooga kwa kikombe utotoni Tanga hiyo haitusumbui.

Shida ilikuwa inaanza kila ikifika saa kumi na moja jioni: leo tunalala wapi.

Usiku wa kwanza hatukufika mbali, tukaishia kwenye kituo cha mapumziko barabara ya M6. Vile vituo unakaa masaa mawili bure, ukitaka kulala unalipa, sisi ilikuwa paundi ishirini na kitu. Nafasi za walemavu ziko pale pale mlangoni, nzuri kweli, rangi imepakwa, ila urefu wake wa kawaida ni mita 4.8 na sisi gari letu mita 7.2, tukiingia mkia unabaki njiani. Kwa hiyo unatumwa mwisho kabisa kwa malori na makaravani, na huko hakuna aliyewaza kwamba mtu wa kitimwendo anaweza kuja na gari kubwa, ukingo wa barabara uko juu mwanzo mwisho hamna sehemu hata moja walipoukata. Jirani yetu lori la friji, liliunguruma mpaka alfajiri. Choo cha ndani nilikitazama kwa mbali tu kama Mecca.

Halafu hii Blue Badge, kadi ya maegesho ya walemavu, maana kila nikisema tulihangaika mtu ananiambia "si una Blue Badge wewe". Ninayo. Inanisaidia sana mjini, kwenye ile mistari ya njano ya kukataza kupaki, England na Wales napaki mpaka masaa 3, Uskoti hawana hata kikomo cha masaa. Lakini ile kadi ni ya kupaki, haimpi mtu ruhusa ya kulala, na maegesho ya watu binafsi kila mmoja ana masharti yake. Na rafiki yangu mmoja alinijaza upepo kwamba Uskoti unalala popote, sheria inaruhusu. Kumbe ile sheria yao ya 2003 ya kutembea na kupiga hema kwenye ardhi za watu haihusu magari hata kidogo. Kuna ukanda wa Loch Lomond nao una sheria ndogo tangu 2017, kuanzia Machi hadi Septemba sehemu zile lazima uwe na kibali. Sisi tulikata chetu kabla mtandaoni kwa hiyo usiku wa pili tulilala vizuri, ziwa mbele, chai ya tangawizi, Salma anarusha mawe majini. Magharibi saa nne usiku na ushee, mtu unakaa unalisubiri jua lizame ukasali na lenyewe halina haraka.

Siku ya tatu ndo ilituchapa.

Tulikuwa maeneo ya Fort William, chini ya ule mlima wao mkubwa Ben Nevis. Maegesho matatu ya kwanza yana chuma cha juu cha kuzuia magari marefu, mita 2.1, na letu ni karibu 3. Hivi vyuma vimewekwa kuzuia watu kulala humo, sawa, ila hata mchana huingii kununua mkate. La nne halikuwa na chuma, liko ukingoni mwa maji, bango linasema motahomu ruksa usiku mmoja, tukalipa kwenye mashine, ambayo nayo tundu la kadi liko juu ya kichwa changu. Mama Salma akapaki ya mwisho pembeni akaacha nafasi kushoto kwa ajili ya lifti. Tukashuka, tukaenda ukingoni, tukala wali na samaki wa kopo, mambo shwari.

Kurudi saa nne kasoro, kuna kivani cheupe kimeingia pale kushoto. Kile alichokiona yeye ni nafasi tupu. Kioo chake na mlango wa lifti yangu kuna upana wa mkono, na mimi ili nipande nahitaji kama mita mbili na nusu, lifti ijilaze halafu nibaki na sehemu ya kugeuza kiti. Kagonga mama Salma kwenye kivani, kimya, wenyewe washaenda zao. Sasa mtaniambia si usogeze gari. Ndo tulichofanya. Akaitoa motahomu mpaka katikati ya njia ya kupitia magari, Salma tukamwambia simama kwenye nafasi yetu usiondoke, lifti ikaanza kushuka, na muda huo huo ndo wale wadudu wakashuka, wanaita midges, wadogo kama vumbi la ugoro, wanakuja kwa maelfu hasa upepo ukitulia. Miguu yangu haisikii kitu waume watakavyo, ila uso unasikia, na mikono yote miwili iko kwenye kiti huwezi kujipiga. Nyuma yetu gari mbili zinasubiri kupita, mmoja akapiga honi. Dakika nne hizo. Nimefika juu, lifti inajikunja, namsikia Salma anasema "Baba, huyu anaingia!" Mtu mzima na gari lake kamsogelea mtoto mpaka mtoto kapisha. Mama Salma alishuka kuongea naye, akarudi kanuna, kasema "twende Baba Salma, kabla sijamwambia huyu mtu kitu." Nafasi tuliyolipia ikaenda hivyo.

Tukaendesha dakika arobaini. Barabara za huko ni nyembamba, gari moja tu, zina vile vibaraza vya kupishana, na hapo hairuhusiwi kulala, na mtu wa kijijini akikukuta humo asubuhi ana haki ya kukutukana maana ndo barabara yake ya kazini. Mwisho tukakuta sehemu ya pembeni, udongo na kokoto, imelala upande. Mwenye miguu ataona kamteremko tu, atalala kichwa juu basi. Mimi lifti ilibaki inaning'inia upande mmoja haigusi chini kwa hiyo kushuka hakuna, na kitandani nilikuwa nateleza kuelekea ukutani. Tulikuwa na kabari za plastiki za kuweka chini ya matairi, tukapandisha kidogo, haikutosha.

Na hapa nieleze kitu ambacho wanaosifia kulala bure porini hawakijui. Mimi nalalia godoro la upepo lenye pampu, linabadilisha sehemu inayonibeba ili nisipate vidonda, pampu inataka umeme usiku kucha. Kiti nacho kinachaji masaa nane. Kwenye kambi unachomeka waya wa nje unasahau, huku porini unategemea betri ya gari na kile kigeuza umeme. Saa kumi alfajiri nikasikia kile kimlio, piii, betri imekata, godoro likaanza kushuka taratibu nikawa nasikia mbao begani. Mama Salma akaamka kunigeuza, akaamka tena baada ya masaa mawili. Asubuhi akaangalia nyongani kwa tochi ya simu, kuna alama nyekundu ukubwa wa kifuniko cha soda. Ilipotea mchana, alhamdulillahi, lakini ikigoma kupotea hiyo ni miezi kitandani, naijua. Toka siku hiyo nikasema sehemu yoyote isiyo na umeme kwangu siyo bure, hata kama hawachukui hela.

Tukaanza kupiga simu kwenye kambi. Hizo za kulipia zina faida moja kubwa ambayo maegesho hayana, gari na gari mara nyingi zinaachwa mita 6 kwa sababu ya moto, kwa hiyo lifti inafunguka bila kumwomba mtu. Kambi moja kubwa, siitaji, yule wa simu kusikia lifti akasema basi itabidi mlipie viwanja viwili. Nikamuuliza kwa upole unajua Sheria ya Usawa ya 2010, kwamba marekebisho ya mlemavu humpi mlemavu bili yake? Kanyamaza, kaenda kuuliza, karudi katupa kiwanja cha pembeni bei moja. Tulifika. Kiwanja chenyewe cha kokoto, na zile gurudumu ndogo za mbele za kiti zinazama kokotoni kama unasukuma toroli ufukweni Raskazone. Bafu la walemavu lipo, limefungwa, funguo unafuata ofisini, ukifungua unakuta madeki, ndoo na boksi la taa za Krismasi. Kile kiti cha kuogea nacho kinacheza. Nikaoga garini na ile nusu tenki.

(Kwa vyoo vya njiani nunueni funguo ya RADAR, ni paundi chache tu, inafungua vyoo vya walemavu vilivyofungwa nchi nzima, huo mpango upo tangu 1981. Kule Uskoti ilinitoa aibu mara tatu.)

Sehemu iliyotuokoa ni shamba. Kuna utaratibu wa Caravan and Motorhome Club, mashamba madogo yanaruhusiwa magari matano tu basi, ni ya wanachama, tukajiunga usiku ule ule kwenye simu. Mwenye shamba ni bibi wa makamo ya sabini hivi, nilipompigia nikaanza hotuba yangu ya kila siku, nina kitimwendo, gari lina lifti, akanikata. "Mlango uko upande gani?" Siku saba, simu sijui ngapi, ndo mtu pekee aliyeniuliza hilo swali. Nikamwambia kushoto. Tulipofika alikuwa kasimama na utepe wa kupimia, kaamuru mama Salma aingie kinyumenyume ili kushoto kwetu kuangalie banda lake la kondoo, huko hapaki mtu. Chini zege, tambarare, glasi ya chai haikuhama mezani. Umeme uko mlangoni. Hana bafu la walemavu, hana bafu lolote, bomba la maji na shimo la kumwaga choo basi, na paundi 22 kwa usiku. Tulikaa siku mbili. Nilishuka na kupanda lifti mara sita siku ya kwanza, mara nyingine sina hata ninachofuata nje, nashuka tu nawaangalia kondoo narudi.

Kwa hiyo maksi zangu: gari 5 kati ya 5 nitalikodi tena, vituo vya barabara kuu 2, maegesho ya mjini 1 na hiyo 1 ni ya yale maji mbele, kambi kubwa 3, shamba la bibi sijui niweke ngapi. Mwenye kupanga safari kama yetu, akipiga simu asiulize "mnapokea walemavu" maana wote watasema ndiyo. Aulize ardhi ya kiwanja ni nini, kimelala upande au la, umeme uko umbali gani, na jirani anapaki upande upi.

Tumeshabuku Septemba. Nilimwandikia bibi meseji ndefu nikamkumbusha yote, akajibu mstari mmoja: "Kushoto. Nakumbuka."