Sakafu ya gari imeoza: faiba au bati?

Corolla yangu ni ya 1994 na imezeekea Mombasa, kwenye hewa ya chumvi. Ukiinua kapeti upande wa dereva, unaiona lami.

Faiba ni nafuu na haihitaji moto wa kuchomelea: unakwangua kutu, unalaza kitambaa cha nyuzi za kioo, unapaka rezini (gundi inayokauka ikawa ngumu), kesho unaendesha. Kwa tundu dogo la kiganja, inatosha. Ila kutu iliyobaki chini yake inaendelea kula kimyakimya, na unyevu ukinaswa humo ndiyo basi tena.

Bati ndiyo kazi hasa. Fundi anakata kwa greinda mpaka afikie chuma kizima, kisichotoboka ukikichokoa kwa bisibisi. Kisha anachomelea shiti ya milimita 1.2, nukta hapa, nukta kule, ili joto lisiipinde. Kabla ya moto toa viti, kapeti na waya za betri, na uchungulie mabomba ya breki na petroli yanayopita chini. (Kapeti husahaulika, halafu moshi unaanza.) Akimaliza, maungio yazibwe na rangi ya kuzuia kutu ipakwe pande zote mbili.

Karibu na bolti za kiti au mkanda, faiba siitaki hata ya bure.