Kijivu au maziwa? Sebule moja, rangi mbili

Nilitaka kijivu. Kila sebule niliyoiona kwenye simu ilikuwa kijivu na mito ya njano, nami nikasema siachwi. Fundi akaniambia, "Mama, chukua lita moja kwanza tujaribu." Nikaona ananizungusha, nikabeba ndoo nzima ya lita 20. Rangi ikishachanganywa kwa mashine, duka halipokei tena.

Tuko Tabata, Dar es Salaam, nyumba zimebanana. Sebule ina dirisha moja linalotazama kusini, na mbele yake liko paa la jirani, mabati ya bluu. Tulipaka Juni, jua likiwa limeegemea kaskazini, kwa hiyo ndani haliingii hata kidogo. Kinachoingia ni mng'ao wa lile paa. Asubuhi na mapema kijivu kilitulia vizuri. Ikifika saa nne, kuta zote zimekuwa bluu ya barafu. Mama mkwe alikaa, akazungusha macho, akauliza: "Hapa ni nyumbani au wodini?"

Safari ya pili nilisikia la fundi. Lita moja ya rangi ya maziwa, tukapaka vipande viwili vya boksi, mikono miwili (yaani kupaka mara mbili) kila kimoja, kimoja nikakiegemeza karibu na dirisha, kingine kwenye kona ya kabati. Siku tatu napita navyo asubuhi, mchana, usiku. Mchana maziwa yaliimeza ile bluu yote. Usiku yakaniudhi: chini ya balbu nyeupe ya LED yalichachuka, kama yana ukijani. Nikabadili balbu, nikaweka ya mwanga wa njano (kwenye boksi imeandikwa 3000K), ukuta ukawa kama chai ya maziwa. Nikanunua galoni tatu za lita nne. Kufunika kijivu kulihitaji mikono mitatu.

Uchafu? Maziwa hayafichi kitu. Karibu na swichi vidole vya watoto vinasomeka vyote, ila nilichukua silki, ile rangi yenye mng'ao kidogo, nafuta kwa kitambaa na sabuni. Kile kijivu kilikuwa mati, yaani kisichong'aa, ukikisugua panabaki kipaku kinachong'aa.

Zaidi ya nusu ndoo ya kijivu ilibaki. Tumepaka chumba cha watoto, dirisha lake linatazama magharibi. Saa kumi na moja jioni kinakuwa kilekile cha kwenye simu. Mama mkwe siku hizi akija analala humo.