Mmeziharibu sahani za Zambesi kwa jiki

Nyota moja, na hiyo moja ni ya kijana anayefunga mizigo. Duka liko upande wa Ngong Road, linauza vyombo vya zamani vya mezani, na jina silitaji. Naandika kwa ajili ya wenzangu mnaokusanya kauri za miaka ya 1950 na 1960 hapa Nairobi, kwa sababu lililofanyika pale halirekebishiki.

Nilinunua sahani na vikombe vya mtindo wa Zambesi, vya kiwanda cha Midwinter. Wanaovijua wanajua uzito wake: mbunifu Jessie Tait aliubuni mtindo huo mwaka 1956, vikatengenezwa Burslem kule Uingereza, milia myeusi ya punda milia ikichorwa kwa mkono. Ndiyo maana hakuna sahani mbili zinazofanana mia kwa mia. Havitengenezwi tena. Kilichoharibika leo kimepungua duniani.

Vilikuwa na madoa ya chai kwenye nyufa nyembamba za gleizi, ile ngozi ya kioo inayofunika udongo. Duka lina huduma ya kusafisha, shilingi mia tatu kila kipande. Vikarudi vyeupe pe! Nilifurahi sana, na siku hiyo ungeniuliza ningewapa nyota tano bila kusita. Wiki kadhaa baadaye unga mweupe ukaanza kutokea kwenye duara la chini, lile linalokalia meza. Kisha gleizi ikaanza kubanduka ukingoni, vigamba vidogo vinavyokata kidole.

Walitumia jiki, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe. Waliloweka usiku kucha, na wenyewe walikubali nilipouliza.

Sasa sikilizeni kwa nini ni kosa kubwa. Vyombo hivi si kaure ngumu, ile ya porcelain isiyonyonya maji. Ndani ni udongo mweupe wenye vitundu, unaonyonya maji kila gleizi inapopasuka. Jiki inapita kwenye zile nyufa mpaka ndani ya udongo, inaondoa rangi ya doa, halafu inaacha chumvi huko. Suuza ya bombani haizifikii. Chombo kinapokauka, maji yanatoka na chumvi zinabaki chini ya gleizi, zinaganda kuwa fuwele, na fuwele zinapokua zinaisukuma gleizi mpaka ibanduke. Ndiyo maana dukani kinang'aa na uharibifu unajitokeza baadaye, kikiwa tayari kabatini kwako.

Nilirudi na sahani mbili kuonyesha. Mhudumu hakuzishika hata kuzitazama. "Madam, hiyo ni uzee tu. Kama unataka kipya, supamaketi iko hapo mbele." Mbele ya wateja wengine! Uzee haumwagi unga wa chumvi, ndugu yangu. Uzee unaleta nyufa, kwa sababu udongo hunyonya unyevu miaka na miaka ukafura kidogo huku gleizi ikibaki vilevile. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mtu anayechukua pesa za watu kusafisha kauri anapaswa kuyajua kabla ya kufungua mdomo.

Kazi yenyewe wala si ngumu. Nunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwenye duka la dawa. Chupa ikiandikwa volyumu 10 ni hiyo hiyo. Volyumu 20 ni asilimia 6, ichanganye na maji kiasi sawa. Kwanza loweka chombo kwenye maji safi saa kadhaa mpaka mapovu madogo yaishe. Usiruke hatua hii: udongo mkavu utalivuta doa ndani zaidi. Kisha kitie peroksaidi ndani ya beseni la plastiki, si sufuria, ukiwa na glavu. Funika ili mwanga usiingie, lakini usikaze kifuniko, kwa kuwa dawa hiyo inatoa gesi. Doa la chai linaweza kuchukua siku moja au wiki nzima. Badilisha dawa ikichoka. Halafu loweka kwenye maji safi ukiyabadilisha kila siku, na ukaushe kivulini polepole kwa siku kadhaa. Msikianike juani na msikitie ovenini, kitapasuka. Chenye mstari wa dhahabu, au rangi unayoihisi imeinuka ukipitisha ukucha, kiacheni kabisa.

Maji ya mwisho yawe yale yaliyosafishwa ya kuongeza kwenye betri ya gari, si ile asidi. Maji ya visima vya kuchimba vya hapa mjini yana chumvi zake, mtakuwa mnarudisha kile mnachotoa.

Chombo kilichokwisha kuingia jiki kinaweza kupona kiasi kama gleizi haijaanza kubanduka. Kilowekeni kwenye maji hayo ya betri, mpime kwa kile kipimo cha TDS cha wauza vichujio, kinachoonyesha chumvi zilizoyeyuka majini, mbadilishe maji mpaka namba iache kupanda. Vikombe vyangu viwili naona vitapona. Sahani, hapana, zikiloweshwa vigamba vinatoka vyenyewe.

Haki isemwe, bidhaa wanazo. Niliona pale sahani ya mtindo wa Homemaker ya kiwanda cha Ridgway, mchoro wa Enid Seeney, fanicha nyeusi kwenye sahani nyeupe, na ilikuwa safi bila pengo hata moja. Kijana wa mizigo anasimamisha sahani kwa ukingo ndani ya boksi badala ya kuzilaza, na boda ikifika hakuna kilichovunjika. Kwa hiyo nikisema msiende nitakuwa nawadanganya. Nendeni, nunueni vichafu. Gongeni ukingo kwa kifundo cha kidole: kikilia kama kengele ni kizima, kikitoa sauti butu kina ufa. Nuseni chini, harufu ya klorini ikiwepo, kirudisheni rafuni hata kama bei ni tamu.

Lakini kila nikikumbuka lile jibu la supamaketi, hata hiyo nyota ya kijana natamani kuiondoa. Siiondoi, hana kosa.

Wenye duka, mkisoma hapa: mteja aambiwe mnasafishia nini kabla hajalipa. Na zile mia tatu za kila kipande, nirudishieni.