Jezi za besiboli za mtumba Dodoma: kibanda cha mama pale soko la Machinga

Kibanda hakina bango wala jina kwahiyo naelekeza tu, ukiingia soko la Machinga la barabara ya Bahi nenda upande wa nguo, uliza mama wa jezi za vifungo, watakuonyesha. Hapa Dodoma sijaona mwingine anayezitenga jezi za besiboli peke yake, wengine wote wanazichanganya na mashati ya kawaida zinaishia kuvaliwa shambani mtu hajui ana nini mgongoni.

Mi besiboli nilijifunzia Dar, walikuwepo walimu wa Kijapani wanafundisha vijana, na siku hizi pale Azania sekondari kuna kiwanja kabisa kilichojengwa kwa msaada wa Japani. Kazi ndo ikanileta huku kama ilivyowaleta wengi serikali ilipohamia. Mechi za Marekani za usiku nyingi zinaanza kama saa nane usiku kwa saa zetu, siwezi kukesha kila siku, kwahiyo asubuhi nacheki matokeo tu. Kipindi ambacho kweli sikosi ni kile ambacho mechi hamna, kuanzia Novemba ligi ikishaisha mpaka Februari timu zinapoingia kambini Florida na Arizona, maana hapo ndo usajili, nani kasaini wapi, nani kabadilishwa na nani. Na hiki kibanda nimekipenda kwa sababu hiyohiyo, ukipekua ile kamba ya jezi unasoma usajili wa miaka kumi iliyopita ukiwa umesimama palepale.

Siku ya kwanza nimefika namkuta mama kazipanga kwa rangi, nyekundu huku, kijani na njano kule, bluu katikati. Namsalimia kwa Kigogo, mbukwa mama, halafu namuuliza mbona umepanga hivi, akanijibu "mwanangu hizi nyekundu wananunua Simba, hizi za kijani wananunua Yanga, hizo za bluu zinasubiri mtu kama wewe." Na ni kweli aisee, nikiwa pale akaja kijana akachukua jezi ya Oakland Athletics, kijani imeandikwa kwa njano, anaenda kuivaa siku ya Yanga. Mgongoni OLSON 28. Nikamwambia kaka huyo Matt Olson timu yake ilimtoa Machi 2022 akaenda Atlanta, na wiki hiyohiyo wakamtoa na Matt Chapman akaenda Toronto, na timu yenyewe Oakland imeshahama, 2024 ndo ulikuwa msimu wao wa mwisho pale. Akasikiliza yote halafu akalipa akaondoka nayo, rangi ni rangi.

Sasa hapo ndo mama akaanza kunihoji, na mi ndo nikagundua huyu sio muuzaji wa kawaida, anataka kujua mali yake. Akauliza wanamtoaje mtu bila yeye kutaka? Nikamwambia mama we si uko Dodoma, unawajua watumishi, barua ya uhamisho inakuja unafungasha. Ndo hivyohivyo. Sisi kwenye mpira wetu mchezaji mwenye mkataba klabu zinauziana, yeye mwenyewe asipokubali kusaini huko anakokwenda dili linakufa, lakini besiboli ya Marekani timu mbili zinabadilishana wachezaji, mtu anapigiwa simu anaambiwa kesho uko mji mwingine, mkataba wake unamfuata kama ulivyo. Anayeweza kugoma ni yule aliyewekewa kipengele kwenye mkataba au aliyecheza ligi kuu miaka kumi, na katika hiyo kumi ile mitano ya mwisho iwe timu hiyohiyo. Uhuru wa kuchagua unakuja mkataba ukiisha na umeshatimiza miaka sita kwenye ligi kuu, hapo ndo timu zinakuja kukubembeleza.

Nikamwonyesha kwa mfano, maana mfano ulikuwa unaning'inia mbele yetu, jezi ya kahawia ya San Diego Padres, SOTO 22. Huyu Juan Soto ndo hadithi ya usajili yote kwa mtu mmoja. Alikuwa Washington, wakampa ofa ya miaka 15 dola milioni 440 akaikataa, Agosti 2022 wakambadilisha akaenda San Diego kwa vijana kibao akina CJ Abrams na James Wood, Desemba 2023 San Diego nao wakambadilisha akaenda Yankees, akakaa msimu mmoja tu, akawapigia home run 41, yaani mipira inayopigwa ikavuka uzio, wakafika fainali wakafungwa na Dodgers, mkataba ukaisha akawa huru. Ndo Desemba 2024 akasaini Mets. Miaka 15, dola milioni 765. Na Yankees walikuwa wameweka mezani milioni 760 kwa miaka 16. Sasa Yankees wako Bronx, Mets wako Queens, mji mmoja, kwa treni ya chini unafika, yaani ni kutoka Jangwani kwenda Msimbazi. Mama akacheka akasema "kama Chama." Nikasema mama hapohapo, kama Chama alivyotoka Simba kwenda Yanga Julai 2024, watu walivyolala hawajala, ndo New York ilivyokuwa miezi mitano baadae.

Af kuna kitu watu hawasemi kuhusu ile dili. Yankees hawakukaa kulia, ndani ya siku chache wakamsaini mrushaji Max Fried miaka 8 milioni 218, wakamchukua Cody Bellinger kutoka Cubs ya Chicago na Devin Williams kutoka Milwaukee, ile pesa ya mtu mmoja wakaigawa kwa kadhaa. Mi naona walifanya akili. Soto ni mpigaji wa kipekee, jicho lake la kuchagua mipira sijaona, lakini miaka 15 atamaliza ana 40, na timu moja huwezi kuibeba kwa gongo la mtu mmoja. Najua mashabiki wa Mets watanibishia, wabishe.

Kwenye kamba ya kijivu ndo nikapata niliyoinunua: Boston Red Sox ya ugenini, BETTS 50, vifungo vyote viko, doa dogo chini ya kola. Mama alitaka 18,000 tukamalizana 15,000. Kwa mtu anayejua, hii jezi inauma. Mookie Betts alilelewa na Boston, akawa mchezaji bora wa ligi yao 2018, mwaka huohuo wakachukua ubingwa, halafu Februari 2020 wakamtoa kwenda Los Angeles Dodgers pamoja na David Price, wakapewa Alex Verdugo na vijana wawili, sababu kubwa ni kwamba hawakutaka kufika kwenye bei yake. Mwaka huohuo Betts akachukua ubingwa na Dodgers. 2024 akachukua tena, 2025 tena. Na yule Verdugo waliyempata? Desemba 2023 wakambadilisha kwa Yankees, wapinzani wao wa jadi kabisa! Hii ndo timu ambayo Desemba 1919 ilimuuza nyota wake Babe Ruth kwa haohao Yankees kwa dola 100,000 na haikuonja ubingwa tena mpaka 2004. Na Juni 2025, katikati ya msimu, wakamtoa Rafael Devers akaenda San Francisco, mtu waliyempa mkataba wa miaka 10 milioni 313.5 Januari 2023. Mi nimeipenda Boston tangu niko kijana na kila wakifanya hivi nakaa siku mbili sina hamu. Ndo maana hiyo ya Betts nimeinunua.

Ya Ohtani ipo pia, nyekundu ya Angels namba 17, mama kaiweka kwa Simba. Kama hujaenda kaichukue kabla mtu hajaivaa kwenye mechi na jasho lote. Shohei Ohtani alihama mtaa tu, Angels wako Anaheim, Dodgers Los Angeles, hapo kwa hapo, Desemba 2023 miaka 10 dola milioni 700, na kati ya hizo milioni 680 alikubali zicheleweshwe alipwe kuanzia 2034 mpaka 2043 ili timu ibaki na hela ya kusajili wengine. Namba 17 pale Dodgers alikuwa nayo Joe Kelly, akamwachia, Ohtani akampa mke wa Kelly gari, Porsche. Soto nae alivyofika Mets namba 22 ilikuwa ya Brett Baty, nae akampa gari. Mama alivyosikia hilo akaniuliza mara mbili kama namdanganya.

Sasa kuhusu ubora maana nyie mnataka kujua mnanunua nini. Mali zake ni mtumba kweli, nyingi gredi ya kwanza, na ukitaka kujua umri angalia nembo: ikiwa na Majestic kwenye mkono ni ya kabla ya 2020, ikiwa na alama ya Nike kifuani ni kuanzia 2020. Namba na herufi ziwe zimeshonwa, pitisha kidole usikie uzi. Na jambo muhimu, Yankees uwanjani hawaandiki jina mgongoni, nyumbani wala ugenini, na Boston wakiwa nyumbani hawaandiki pia. Hili nimelijua kwa kuumia, mwaka jana niliagiza mtandaoni kwa duka moja Dar jezi ya Yankees yenye mistari, nikaambiwa ni ileile ya uwanjani, 60,000 na nauli ya basi juu, ikaja imeandikwa JUDGE, jina la mchezaji wao, kubwa mgongoni na namba 99 imebandikwa na gundi, kufua mara ya pili 9 moja ikabanduka. Nilipiga simu zao hazikupokelewa tena. Kwa mama unashika, unageuza ndani nje, unapeleka kwenye mwanga, na yenye kasoro anakuonyesha mwenyewe kabla hujaiona, ile ya Betts doa ni yeye aliyenionyesha.

Ukiona namba 42 isiyo na jina usiiache. Hiyo namba ilistaafishwa timu zote 1997 kwa heshima ya Jackie Robinson, mchezaji mweusi wa kwanza ligi kuu zama za kisasa, siku hizi wote wanaivaa siku moja tu, tarehe 15 Aprili. Mama alikuwa nayo moja ya bluu ya Dodgers akaiuza 10,000 wiki moja kabla sijamjua, bado naiwaza.

Bei kwa ujumla: jezi ya vifungo nzima 15,000 hadi 20,000, yenye tatizo 8,000, tisheti zenye jina 5,000, kapelo 6,000 na hizo zenye herufi NY za Yankees ndo zinaisha kwanza, wanunuzi wengi ukiwauliza hawajui kama ni timu. Lipa kwa simu anapokea. Kijana wake anashona kifungo palepale bure.

Yasiyonifurahisha yapo. Hakuna pa kujaribia, unavaa juu ya shati lako katikati ya njia watu wanapita, na dada zangu hapo mtapata tabu. Saizi ni za Wamarekani, M yao ni L yetu, mtu mwembamba kama mi unaogelea, bora uchukue za vijana. Vumbi la Dodoma mnalijua, kiangazi jezi nyeupe ya juu kabisa inakuwa rangi ya udongo kufikia mchana, nimemwambia azifunike nailoni hajafanya. Na mali haitabiriki, belo linaweza kufunguliwa kukawa na jezi tatu za besiboli zilizobaki mashati ya hospitali, kwahiyo usitoke Kondoa au Manyoni kwa ajili yake tu bila kumpigia kwanza, mpe namba yako ukifika mara ya kwanza, anapiga kweli.

Jingine, na hili nimemwambia uso kwa uso, asishushe bei ya jezi ya aliyehama. Kuna siku nimemkuta ile ya Soto ya San Diego kaipunguza mpaka 7,000 kwa sababu kijana wake alimwambia huyo kashaondoka huko. Hiyo ni hesabu ya jezi ya Simba na Yanga, ambapo mchezaji akivuka upande wa pili watu wanachoma jezi yake moto. Ya Soto wa San Diego ndo inabidi ipande, alikaa pale kuanzia Agosti 2022 mpaka mwisho wa msimu wa 2023 tu, haitachapwa nyingine, ni kipande cha safari yake. Akairudisha 15,000 na siku tatu baadae ikanunuliwa na mwanafunzi wa UDOM ambaye nilikuta anajua kila kitu kuhusu Padres, tulikaa kwenye benchi la mama saa nzima tunabishana kama San Diego walikosea kumwachia.

Belo jingine linafunguliwa wiki ijayo Jumatano asubuhi. Nimemwachia mama 5,000 ya kishika uchumba, ikitoka ya Mets namba 22 ya bluu na chungwa ni yangu, ikitoka ya Devers ya Boston pia ni yangu. Zilizobaki zenu.