Katriji ya 12A iliyofufuliwa Kariakoo: nimeitumia miezi mitatu

Nina steshenari Mbagala, na mashine inayonilisha ni printa ya zamani, HP LaserJet 1020, ile inayotumia katriji (kasha la wino) ya 12A. Miaka yote nilikuwa najaziwa wino tu: kijana anatoboa tundu, anamimina unga, anaziba, shilingi 15,000. Wiki ya mitihani ya moko karatasi zikaanza kutoka na doa jeusi, unga ukamwagika hadi ndani ya mashine. Nilirudisha pesa ya shule nzima. Sijaisahau ile siku.

Fundi niliyempata Kariakoo kwanza aliomba karatasi mbovu, akailaza mezani na kuweka rula. Doa lilikuwa linajirudia kila sentimita saba na nusu. "Dada, hiyo ni dramu, ile silinda ya ndani inayobandika unga kwenye karatasi, mzunguko wake ndio huo. Ujaze wino mara mia, doa litabaki palepale."

Akaitenganisha katriji vipande viwili mbele yangu. Kimoja kina unga wa kuchapia. Cha pili ni cha taka: unga unaobaki kwenye dramu baada ya kila karatasi hukwanguliwa na wembe ukaangukia humo. Changu hakijawahi kumwagwa tangu katriji inunuliwe, kimejaa pomoni! Wale wa kujaza hawakukigusa hata siku moja. Akabadili dramu na wembe, akasafisha rola, akajaza unga, akachapa karatasi tano za majaribio. Nililipa 45,000.

Nimeihesabu kwa rimu: imetoa karatasi 1,800 na ushei, wakati HP wanasema mpya hutoa 2,000. Maandishi meusi tii hadi mwisho. Nembo za shule zenye weusi mwingi zinafifia kidogo katikati, kwa hiyo kazi za picha sizichapi nayo. Na utasubiri siku mbili, uwe na katriji ya akiba.

Peleka orijino. Ya bandia niliyopeleka aliikataa, akasema plastiki yake hupasuka ikifunguliwa. Zangu tupu nilizokuwa nazitupa jalalani, sasa anazinunua 5,000 kila moja.

Kinachoniuma ni yule kijana wake anayepuliza vumbi la wino chumba kidogo bila barakoa. Unga ule ni laini mno, unaingia kifuani. Safari ya pili niliwapelekea boksi la barakoa, na Jumamosi iliyopita nilimkuta ameivaa.