Equilab: kikokotoo cha poka cha kumpimia mpinzani mkali

Programu hii ya bure ya Windows hupima karata zako mbili dhidi ya zote ambazo mpinzani huenda anazo. Ree mbili dhidi ya wafalme wawili: nafasi ya kushinda ni takribani asilimia 82. Malkia wawili dhidi ya ree na mfalme wa aina tofauti (mfano kopa na shupaza): 57 tu. Kwa anayepandisha dau ovyo, fungua jedwali la mikono 169 (aina zote za karata mbili za kuanzia), sogeza hadi asilimia 40 ya mikono anayoweza kucheza, uone malkia wako wanavyopata nguvu. Wengi humwekea mpinzani huyo asilimia 5 tu, kisha wanatupa karata nzuri bure! Jaribu pia ree mbili dhidi ya watu watano wenye karata zozote: zinashuka hadi karibu 49, kwa hiyo pandisha dau mapema, uwapunguze. Kasoro yake, haihesabu madau ya raundi zinazofuata.