Leseni ya ukandarasi Nairobi: uzoefu wangu, na hisa 40 nilizogawa bila kujua

Nimekuwa nikiweka vigae na jipsam kwenye nyumba za watu tangu 2013, na kwa miaka kumi hakuna aliyewahi kuniuliza karatasi. Unaulizwa picha za kazi, unaulizwa bei, halafu unaombwa upunguze. Kilichonipeleka kutafuta leseni ni geti moja la Kileleshwa, Agosti 2023. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshanitumia malipo ya kwanza ya mabafu mawili. Nafika na vijana wangu wawili, vigae viko kwenye pikapu, soja ananiambia meneja anataka cheti cha NCA cha kampuni, kibali cha ukarabati kutoka kaunti, na vitambulisho vya mafundi wote. Vitambulisho tulikuwa navyo. Vigae vilirudi nami Kayole, pesa zikarudi kwake kwa M-Pesa jioni hiyo, na kazi akapewa mwingine mwenye cheti.

Nieleze kwanza jambo ambalo mafundi wengi tunalichanganya, kwa sababu hata mimi nililichanganya. NCA, mamlaka ya ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, inasajili watu wa aina mbili tofauti. Kuna fundi na msimamizi wa saiti, anayesajiliwa kwa jina lake mwenyewe na ujuzi wake. Halafu kuna mkandarasi, na huyo ni kampuni. Kadi ya fundi haikufanyi mkandarasi, hata ukiwa na miaka thelathini ya mjengo. Wakandarasi wamepangwa kwa ngazi, kuanzia NCA 8 iliyo chini kabisa hadi NCA 1 ambayo thamani ya kandarasi haina kikomo. Mimi nililenga 8, upande wa majengo.

Sasa tuje kwa wakala, yule niliyemlipa anitafutie hiyo leseni.

Nilielekezwa kwake na jamaa wa hadiwea ninaponunua simiti. Alikuja na mkoba mweusi na mhuri, akataka shilingi 35,000, kampuni pamoja na leseni, nisikanyage ofisi yoyote. "Bosi, wewe tulia. Hii ni ya wiki tatu." Nilitia sahihi karatasi kama sita hivi juu ya kaunta ya hadiwea, huku mteja mwingine akiulizia misumari ya inchi nne. Sikusoma hata moja. Mtu anayepima kigae kimoja mara tatu kabla ya kukikata alitia sahihi karatasi sita bila kusoma, hebu fikiria.

Kampuni ilisajiliwa kweli, Septemba, na cheti nikatumiwa kwa WhatsApp. Kuisajili kwenye eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, kulikuwa 10,650. Leseni ndiyo haikuja. Krismasi ikapita, Pasaka ikapita, simu zikaanza kupokelewa na mkewe. Julai 2024 nikaenda saiba mtaani kwetu, dada anayehudumu pale akanifungulia akaunti ya kampuni na kuniagizia CR12, yaani ile karatasi ya msajili wa kampuni inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Akaisoma, akanigeuzia skrini. "Huyu mwenzako ni nani?"

Hisa 60 zilikuwa zangu. Hisa 40 zilikuwa za mwanamume ambaye sijawahi kumwona.

Kumbe ndivyo biashara hii inavyofanywa. NCA inataka kampuni iwe na mtu mwenye masomo ya ujenzi, na wakala akiona wewe huna diploma, anakutilia mtu mwenye nayo, tena kama mkurugenzi. Nilimpata yule bwana kupitia namba iliyokuwa kwenye fomu. Tulikutana Thika, kwenye kibanda cha chai, naye akaniambia kwa upole kabisa kwamba alilipwa 3,000 atoe vyeti vyake, na kwamba kampuni yangu ni ya nne. Hakuwa mwizi. Alikuwa kijana aliyemaliza diploma akakosa kazi. Lakini kama ningepata tenda nono na yeye akaamka vibaya siku moja, angedai gawio na sheria ingemsikiliza.

Alikubali kujiuzulu na kuniachia hisa. Wakili alinitoza 12,000 kuandaa karatasi, na hizo nilizisoma zote, nikazirudia. Shemeji yangu, ambaye ana diploma ya ujenzi na anafanya kazi nami kweli, akaingia kama mkurugenzi na hisa 10.

Nikadhani nimemaliza, kumbe KRA, watu wa kodi, wananingoja. Kampuni ikishazaliwa inatakiwa kuwasilisha ritani ya kodi ya kila mwaka hata kama haijaingiza senti. Mwaka wa kampuni yangu ulifungwa Desemba, kwa hiyo siku ya mwisho ilikuwa 30 Juni, na mimi niligundua Julai. Faini ya kampuni inayochelewa ni 20,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa zaidi. Kodi yangu ilikuwa sufuri, kwa hiyo nikalipa 20,000 kwa sababu ya kampuni ambayo haikuwa imeuza hata kigae kimoja. Bila kulipa hupati cheti cha kutimiza kodi, na bila cheti hicho ombi la NCA halisongi.

Katika hangaiko hili lote kuna siku moja niliyoifurahia. Nikiwa nangoja wakili, nilikwenda NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, Commercial Street kule Industrial Area, kufanya mtihani wa uashi wa Gredi ya II. Gredi ya III nilikuwa nayo tangu zamani. Unapewa matofali, mchanga, muda na mchoro, unajenga kona. Mtahini hakusema neno. Alikuja na timazi yake, akaining'iniza kwenye kona yangu, akachuchumaa, akafumba jicho moja. Nilitokwa na jasho kuliko siku ya harusi. Akaandika kitu, akaenda kwa anayefuata. Nilipita.

Ombi lenyewe la ukandarasi ndilo lililonisumbua kidogo kuliko vyote. Linafanywa mtandaoni: unapakia cheti cha kampuni, CR12, pini ya KRA, cheti cha kodi, vyeti vya masomo, unalipa ada, unangoja. Hakikisha tu jina lako limeandikwa sawasawa kwenye kila karatasi. La shemeji lilikuwa na "h" kwenye diploma ambayo haiko kwenye kitambulisho, na hiyo "h" ilitupeleka kwa wakili tena kula kiapo. Cheti cha NCA 8 nilikipata Novemba 2024.

Usidhani kinafungua kila kitu. Nyaya za umeme bado unamwachia fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Kibali cha ukarabati cha kaunti ni cha kila kazi, na leseni ni ya kila mwaka, tena kuihuisha kunataka pointi za mafunzo. Kama una umri wa vijana, jisajili pia AGPO, mpango wa serikali wa kugawa tenda kwa makundi maalumu, maana asilimia 30 ya ununuzi wa serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mimi umri huo ulinipita nikisubiri wakala apokee simu.

Februari 2025 yule mama wa Kileleshwa alinipigia. Nilimwonyesha soja cheti kwenye simu, akaandika namba, akafungua geti. Bafuni vigae vilionekana safi kabisa. Nikatoa sarafu ya shilingi ishirini, nikagonga kimoja baada ya kingine kuanzia mlangoni, na karibu na bomba la manyunyu vikaanza kulia kama debe tupu. Nikang'oa kimoja. Gundi ilikuwa imewekwa madonge matano, manne pembeni na moja katikati, na maji yamejaa katikati ya madonge.

"Na huyo alikuwa na cheti, fundi," mama akaniambia.

Nikamwambia bafu hili linang'olewa lote hadi plasta, siku tisa, na bei si ile ya 2023. Akaomba nipunguze.